Gemu Iliyobeba Sauti ya Mjomba

Wanawake wenzangu wa Likoni hukusanya leso, sahani za kabatini na maneno ya watu. Mimi nakusanya gemu za televisheni. Nina kaseti za plastiki za zamani, zile za kuchomeka juu ya mashine, nina sidii, nina mashine zenyewe na padi zake za kuchezea, na kila kimoja nimekipata kwa kutembea na kuuliza. Duka langu ni la fotokopi, karibu na soko, na chumba cha nyuma ambacho mume wangu alidhani kingekuwa stoo ya karatasi kimejaa rafu za gemu mpaka darini. Wateja wakichungulia hucheka. Nawaacha wacheke, maana hao hao ndio hurudi na kaseti waliyoikuta uvunguni mwa kitanda, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama ni adimu.

Nami huwaambia, kwa sababu katika jambo hili sijaona wa kunishinda kuanzia kivukoni hadi Mtongwe. Uadimu wa kitu hubadilika, na ukitaka kuujua lazima uutazame kwa miaka. Tulipokuwa watoto, kaseti ya manjano yenye gemu chungu nzima ndani yake ilikuwa katika kila kibanda cha gemu, na hakuna aliyeithamini. Leo kuipata moja ambayo karatasi yake haijabanduka ni lazima utoke jasho. Gemu halisi za ng'ambo, zenye boksi na kitabu chake, ndizo tulizozionea fahari, na mwenye nazo alikuwa haazimi mtu. Sasa hizo zaja na shehena za mitumba, zikapitia maghala ya Changamwe na kumwagwa juu ya magunia pale Kongowea, na muuzaji hata hajui ameuza nini. Mtu mgeni katika mambo haya huuliza zilitengenezwa ngapi. Mimi huuliza zimetupwa ngapi, na aliyezitupa ni nani.

Hata hivyo, katika rafu zote hizo palikuwa na pengo moja lililoniuma. Nilikuwa naitafuta sidii ya gemu ya mpira yenye sauti ya mjomba wangu.

Mjomba ni mdogo wake mama. Ujanani alikuwa mtangazaji wa mechi za mtaani, na akishika kipaza sauti uwanjani, waliokuwa sokoni walijua nani ana mpira. Kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko, stadi wa kompyuta, alichoshwa na Waingereza waliokuwa wakitangaza ndani ya gemu yake. Akamchukua mjomba hadi Bombolulu, kwenye chumba cha kupanga cha rafiki yake, wakaegemeza magodoro ukutani ili kelele za majirani zisiingie, na mjomba akatangaza kila jambo ambalo mpira unaweza kulifanya: umetoka, umegonga mwamba, umeingia. Yule kijana akazitoa sauti za Waingereza akaitia ya mjomba. Timu nazo akazibadilisha majina, zikawa za mitaa yetu: Likoni, Mtongwe, Shika Adabu, Kisauni. Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa kuuza mabuyu mlangoni pa kibanda hicho, na nakumbuka jinsi vibanda vingine vilivyobaki vitupu, kwa kuwa watoto wote walitaka kucheza kwa mjomba.

Kisha koo la mjomba likapata maradhi. Operesheni ilimwokoa, alhamdulillahi, lakini ikamwachia mnong'ono ambao ukitaka kuusikia sharti ukae naye bega kwa bega. Binti yake kitindamimba alikuwa bado ananyonya. Tulipotafuta sauti ya mjomba popote ilipokuwa imebaki, hatukupata kitu. Kanda ya harusi yake ilikuwa imefunikwa na muziki mwanzo hadi mwisho, simu zetu za siku hizo zilikuwa za kupiga na kupokea tu, na kibanda cha gemu kilikuwa kimeshafungwa. Siku moja, tumekaa barazani kwake, mtoto akicheza uani, mjomba alinisogelea akaninong'oneza: "Huyu hajapata kunisikia nikimwita." Nilirudi nyumbani nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani, na nikaapa kwamba ile sidii nitaipata.

Mwenye kibanda alikuwa ameshakwenda Uarabuni kufanya kazi, lakini mamake alikuwa Shika Adabu, kwa hivyo huko ndiko nilikoanzia. Nilimkuta akiwatupia kuku mtama. Juu ya banda la kuku, zimefungwa kwa nyuzi, zikizunguka na kumeta, zilikuwa sidii za mwanawe. Wafugaji wa huku kwetu wanalijua jambo hili: sidii ikirusha mwanga wa jua, mwewe huogopa kushuka kuchukua vifaranga. Nilizigeuza moja moja. Lakini sidii iliyochomwa nyumbani, yaani iliyonakiliwa kwa kompyuta, haivumilii jua. Rangi ya chini ilikuwa imeliwa yote, na nyingine ungeweza kuona upande wa pili kama unayetazama kupitia ganda la kitunguu. Nikamuuliza kama kuna gemu zozote zilizobaki ndani.

"Ndani ya nyumba yangu hamna gemu, mwanangu," alinijibu. "Gemu zimekula akili za watoto wa watu."

Nikaaga. Shika Adabu nikaifuta kichwani, nikaona pale pamekwisha.

Kwa miaka nikawa natafuta kwingine. Bombolulu nilikipata kile chumba, anakaa fundi wa viatu, akanionyesha kwa huruma kuta nne na gundi yake. Kongowea nilipekua magunia hadi wauzaji wakanipa kigoda changu. Changamwe nilisimamisha tuktuk zilizobandikwa sidii nyuma badala ya vioo vya kuakisi taa, na madereva wakadhani mimi ni askari kanzu. Nilipata mengi njiani. Nilipata kaseti ambazo wakusanyaji wa Nairobi walinililia niwauzie, nikawanyima kwa furaha. Ile moja sikuipata. Katika kundi moja la wakusanyaji mtandaoni, watu wa nchi nyingi, nilieleza ninachokitafuta, na bwana mmoja akaandika kwamba gemu hiyo haikuwahi kuwapo, ni ndoto za utotoni. Nilimjibu maneno ambayo mume wangu aliniomba niyafute. Sikuyafuta.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa madrasa wa Kisauni, mzee ambaye alikuwa amestaafu na alitaka kabati lake litolewe vitu. Aliniita kwa sababu alisikia kwamba kuna mwanamke Likoni anayechukua takataka za gemu. Nilipolifungua kabati, nilikaa chini. Kaseti zilikuwa zimepangwa safi, karatasi zake ziking'aa, pini zake hazina chembe ya kutu, na hewa yetu ya chumvi haisamehe chuma chochote. Zote alikuwa amewanyang'anya wanafunzi darasani. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuzitupa.

"Nilizichukua, sikuzimiliki," alisema mwalimu. "Ni mali za watoto wa watu. Nitazitupa vipi, mama?"

Nilipanda gari kurudi nikiwa na kaseti za kabati zima mapajani, na maneno yale hayakuniacha. Nilipofika dukani nilisimama mbele ya rafu zangu nikajiuliza kila kitu kizuri nilichonacho kilitoka wapi. Hiki kilikuwa katika sanduku la marehemu, na nyumba nzima iliogopa kuligusa. Hiki kilikuwa katika begi la mpangaji aliyeondoka bila kuaga, na mwenye nyumba akasema amana ni amana. Hizi za mwalimu ni hivyo hivyo. Hakuna hata kimoja kilichotunzwa na mtu aliyekuwa akipenda gemu. Wapenda gemu walizicheza hadi zikafa, kisha wakawapa mama zao wazitundike juu ya kuku. Kilichobaki hadi leo ni kile ambacho mwenye nyumba aliona haya au dhambi kukitupa. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nagonga milango nikiuliza penye mapenzi, na nilipaswa kuuliza penye haya. Nilijitukana kidogo, kisha nikafunga duka mchana kweupe, nikaelekea Shika Adabu.

Yule bibi, mamake mwenye kibanda, alikuwa palepale, na kuku wake wameongezeka.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe wa sidii? Zimebaki hizo tatu tu, na mwewe ameshazizoea."

"Leo sikuja kwa ajili ya sidii za kuku," nikamwambia. "Nataka kukuuliza jambo. Mwanao alipokwenda safari, alikuachia kitu gani ambacho hukuweza kukitupa?"

Alinitazama sana. Kisha akapangusa mikono kwenye leso yake. "Labda ile maulidi," alisema.

Alinikaribisha ndani. Juu ya rafu ya juu kabisa, pembeni mwa msahafu, palikuwa na kitu kimefungwa kitambaa cha kijani. Alikishusha kwa mikono miwili, akakifungua taratibu juu ya mkeka. Ilikuwa sidii moja, imeandikwa kwa kalamu nene "Maulidi". Niliomba ruhusa nikaigeuza. Chini ilikuwa zambarau, haina mkwaruzo hata mmoja. Na kando ya tundu la katikati palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Nukta hiyo nilikuwa naijua. Mwenye kibanda alizitia sidii zake zote nukta ya rangi ya kucha ili watoto wasimbadilishie kwa sidii mbovu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemuuzia ile chupa ya rangi, pamoja na mabuyu. Na hapo nikakumbuka jambo la pili. Watoto walipozidi kukosa madrasa, wazazi na wazee wa msikiti walikuwa wakivamia vibanda vya gemu ghafla, na sidii yoyote ya mchezo ilivunjwa palepale mlangoni. Mvamizi akikuta sidii imeandikwa Maulidi, ataivunja kwa mkono gani? Yule kijana alikuwa ameificha bora yake mahali ambapo hakuna mtu wa pwani angethubutu kuigusa.

"Nyanya," nikasema, "umewahi kuisikiliza?"

"Nitaisikiliza na nini? Deki iliharibika zamani. Mimi huipangusa kila Ijumaa, basi."

Nikamweleza, kwa adabu yote niliyofundishwa na mamangu, kwamba huenda ndani hamna maulidi. Alichukua simu yake, akampigia mwanawe huko Uarabuni, akaiweka sauti ya nje.

"Mwanangu, hii maulidi uliyoniachia ni maulidi?"

"Mama, mbona waniuliza leo?"

"Nijibu."

"Ni mpira, mama."

Bibi aliitazama rafu, akatutazama sisi, mimi na simu. "Miaka yote hii napangusa mpira pamoja na msahafu," alisema. "Wallahi ukirudi, utu uzima wako hautakusaidia."

Nilimwomba simu, nikajitambulisha kwa mwanawe kuwa ndimi yule wa mabuyu, nikamuuliza swali moja tu, kama ni ile yenye sauti ya mjomba.

"Ndiyo yenyewe, dada, ile ya kwanza," alisema. "Hizo nyingine zote nilizitoa kwayo. Kwani yeye yu hai?"

Nilimwambia yu hai. Bibi naye, ambaye alikuwa amenuna akiangalia ukuta, alianza kutikisika mabega, na nilipomtazama vizuri nikaona anacheka. Alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akachukua kitambaa chake cha kijani, akakikunja vizuri, akakirudisha juu karibu na msahafu, na sidii akanipa kwa ncha za vidole viwili. "Niondolee," alisema. "Kitambaa ni changu."

Nilirudi dukani nimeikumbatia. Mkusanyaji mwenye akili haichezi sidii ya zamani kabla hajaitoa nakala, kwa sababu inaweza kusomeka mara moja tu, ikafa. Niliiweka kwenye kompyuta ya duka, nikakaa mbele yake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Katikati kompyuta ilikwama. Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, na mimi nikawa nasoma kila dua niliyowahi kufundishwa. Ilipomaliza nilipiga vigelegele peke yangu, na mteja aliyekuwa akisubiri kopi ya kitambulisho akanipongeza, akidhani nimepata mjukuu.

Sauti sikuisikiliza. Nilitamani, lakini haki ya kuisikia kwanza haikuwa yangu. Nilichofanya ni kuweka picha ya sidii kwenye lile kundi la mtandaoni, pamoja na picha ya orodha ya timu niliyoifungua nikiwa nimezima sauti, jina la Shika Adabu likisomeka bila miwani. Yule bwana wa ndoto za utotoni aliniandikia faraghani. Hakuomba radhi. Aliitaka, na alikuwa tayari kutoa mali ya kutisha, ila kwa sharti moja, kwamba pasiwe na nakala nyingine duniani, kwa maana nakala zitaua uadimu wake. Nilimjibu kwamba amechelewa, mimi nina duka la kopi.

Jumapili baada ya alasiri nilibeba mashine nyeusi, ile iliyotiwa chipu ili isome sidii za kuchoma, nikaenda nayo kwa mjomba. Sikumwambia mtu nimebeba nini. Niliunganisha nyaya kwenye televisheni ya sebuleni huku mjomba akinitazama kutoka kitini kwake, na mke wake akiniuliza kama nimeishiwa na pa kuweka makorokoro yangu. Binti yao alitoka jikoni na unga mikononi. Sasa ni msichana mkubwa, amemaliza shule, na ana sauti ambayo mtaa mzima waijua. Akimwita mwenye maandazi, hugeuka na wa mtaa wa pili. Mamake humkanya kila siku kwamba mtoto wa kike hapazi sauti, naye huona haya, akiongea huweka mkono mdomoni. Nilimpa padi moja, nikashika nyingine. Nilichagua Mtongwe, nikamwachia Likoni.

Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha uwanja ukatokea, na sauti ikaingia sebuleni.

"Assalamu aleikum wapenzi wa kabumbu, karibuni uwanjani. Leo hakuna udugu."

Mke wa mjomba aliketi palepale alipokuwa amesimama, sakafuni. Sauti ilikuwa nene, ya kifua, ina kicheko ndani yake, Kiswahili chetu cha Likoni kisicho na haraka. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshika mikono ya kiti. Binti alisahau kucheza, wachezaji wake wakasimama uwanjani kama watalii, na sauti ikawagombeza: "Mlinzi wa Likoni amelala, mwamsheni, mpelekeeni kahawa."

"Ni nani huyu?" binti aliuliza.

Nilimwonyesha kwa kidole kile kiti.

Alimtazama babake kwa muda mrefu. Babake akamwonyesha kioo kwa kidevu, kwamba acheze. Alikwenda na mpira, mimi mwenyewe nimesimama tu na Mtongwe yangu, akapiga, na mjomba akalipuka ndani ya televisheni: "Umezama! Umezama, wallahi, nyavu zalia!" Kuta za nyumba ile hazikuwa zimesikia kitu kama hicho tangu kabla ya operesheni. Majirani walichungulia mlangoni. Mmoja, aliyewahi kusimama uwanjani enzi zile, alisema tu, "Ni yeye," akavua viatu akaingia.

Baada ya goli hilo hapakuwa na mechi tena. Tulikubaliana bila kusemezana kwamba hakuna atakayezuia, maana kila goli lilikuwa linamtoa mjomba. Mimi nilifunga, binti akafunga, nikajifunga mwenyewe makusudi, na kila mara sauti ilikuja na maneno mapya, maana mjomba wa ujanani hakuwa mtu wa kurudia. Mjomba wa kitini midomo yake ilianza kwenda sambamba na kioo. Mahali pamoja alitikisa kichwa, akanivuta, akaninong'oneza kwamba hapo alikosea, ile ilikuwa ofsaidi. Nilicheka huku nalia, na sikujali nani ananiona.

Kisha binti alipata mpira katikati ya uwanja. Aliwapita wangu wote, nami sikuwa nikimwachia tena, nilikuwa nimeanza kucheza kweli. Alipopiga na nyavu zikatikisika, aliruka kutoka sakafuni, mkono haukuwa mdomoni, na alipaza kwa nguvu zake zote, "Umezama!" Sauti ya televisheni ilipaza neno lilelile wakati uleule. Ilikuwa sauti moja. Nene, ya kifua, ina kicheko ndani yake. Wote waliokuwa sebuleni waliisikia, na yeye mwenyewe aliisikia, akasimama katikati ya chumba amemkodolea macho babake.

Mamake, kwa mazoea, alikuwa ameshainua kidole kumnyamazisha. Mjomba alinyoosha mkono akakishusha kile kidole, na kwa kuwa televisheni ilikuwa imetulia kidogo, mnong'ono wake tuliusikia sote.

"Mwache," alisema. "Hiyo ni yangu."